Je, kutoboa matundu kunaliokoa turubai na upepo?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Tulitundika turubai la plastiki lenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2 kati ya nguzo mbili. Tulishauriwa tulitoboe ili upepo upate pa kupita, nasi tukakata matundu 20 ya mviringo, kila moja kipenyo cha sentimita 15. Upepo mkali ulipokuja, turubai lilipigapiga vibaya, hatimaye likachanika kuanzia kwenye matundu yaleyale. Kwani matundu hayapunguzi nguvu ya upepo? Na kwa nini kitambaa kipigepige badala ya kujaa upepo kikatulia?"

Ndugu muulizaji, ushauri mliopewa umeenea sana, na mtu akiusikia mara ya kwanza unamwingia akilini bila shida. Hesabu lakini inaukataa. Matundu machache makubwa hayapunguzi mzigo wa upepo kwa kiasi cha kuhisika, na juu ya hayo yanaudhoofisha utando wenyewe. Vitundu vingi vidogo vilivyoenea kitambaa kizima ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.2 hivi. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, ukikutana uso kwa uso na kitu bapa, shinikizo lake ni takriban paskali 240 (nyutoni 240 kwa kila mita ya mraba), na umbo bapa lenyewe linazidisha hilo kwa kama 1.2. Turubai lenu lina mita za mraba 10, kwa hiyo kamba na nguzo zilikuwa zinashikilia karibu nyutoni 2,900, sawa na uzito wa kilo 290 hivi. Kasi ikipungua nusu, mzigo unashuka hadi robo, kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi.

Sasa matundu. Yote 20 yakijumlishwa yanafikia mita ya mraba 0.35, yaani asilimia 3.5 ya turubai. Mtu angetarajia mzigo nao upungue asilimia 3.5, lakini haupungui hata kiasi hicho. Kanuni za ujenzi za Marekani zinazojulikana kama ASCE 7 zina fomula ya mabango ambayo uwazi wake haufiki asilimia 30: chukua sehemu iliyo wazi, ipandishe kwa kipeo cha 1.5, hilo ndilo punguzo. Uwazi ukikaribia asilimia 30, punguzo ni kama asilimia 16. Kwa asilimia 10, punguzo ni 3 tu. Kwa asilimia 3.5 yenu, halifiki hata 1. Kwa hiyo kazi yote ile ya kukata iliwaondolea kama kilo mbili kati ya kilo 290.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu upepo hausukumi kila kipande cha turubai peke yake, hata kipande kilichokatwa kiondoke na fungu lake la mzigo. Nguvu inatokana na tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma. Mbele hewa inakwama, shinikizo linapanda. Nyuma, hewa iliyopita pembeni haiwezi kukata kona na kurudi ghafla, hivyo inabanduka kwenye kingo, inajiviringisha kuwa visulisuli, na kuacha eneo lenye shinikizo la chini linalolivuta turubai. Picha hiyo yote inatawaliwa na upana wa turubai zima. Tundu la sentimita 15 linapitisha mchirizi wa hewa wenye kasi inayokaribia ile ya upepo, na mchirizi huo hubanwa unapopita kwenye ukingo, kiasi kwamba sehemu inayopitisha hewa kwelikweli ni kama asilimia 60 tu ya tundu. Ukipiga hesabu hiyo, asilimia 3.5 yenu inakuwa kama 2. Mbele shinikizo linabaki vilevile, nyuma eneo la mvuto linabaki vilevile.

Hapa ndipo ukubwa wa tundu unapoingia. Hewa hunata kwenye kila uso inaougusa. Pale kwenye ukingo kasi yake ni sifuri, na inachukua umbali fulani kabla haijarudia mwendo wake. Tundu likiwa pana kuliko tabaka hilo lililopungua mwendo, hewa inapita kwa nguvu ya mwendo wake na mnato hauna la kusema. Tundu likiwa jembamba, matabaka ya pande zote mbili yanagusana katikati, na mnato ndio unaoamua kila kitu. Katika hali hii ya pili sheria zinabadilika kabisa. Mwaka 1891 mwanahisabati Sampson alionyesha kwamba kwenye bamba jembamba sana mtiririko kupitia tundu la duara unafuata kipeo cha tatu cha nusu kipenyo. Bamba likiwa nene hadi tundu liwe kama bomba, ni kipeo cha nne, ile sheria ya Poiseuille. Chukua tundu moja, ligawe kuwa vitundu 100 vyenye jumla ya eneo lilelile: mtiririko unashuka mara 10 kwenye bamba jembamba, mara 100 kwenye bamba nene. Kwa hiyo mtu akikuambia kitambaa kina uwazi wa asilimia fulani, bado hajakuambia kitapitisha hewa kiasi gani.

Mdudu anayelionyesha hili vizuri kuliko maneno yangu ni mbawakawa aitwaye Paratuposa placentis, ambaye urefu wake haufiki hata nusu milimita. Mabawa yake hayana utando mpana, bali ni vijiti vyenye nywele zilizopangwa pande mbili, na kati ya nywele ni wazi kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mdudu huyu huruka vizuri sana kwa udogo wake. Katika kipimo chake hewa ni nzito kama uji. Matabaka yaliyonata kwenye nywele jirani yanakaribia kugusana, hivyo bawa lenye mianya mingi linafanya kazi karibu sawa na bawa lililojaa, tena kwa uzito mdogo zaidi. Ukimkuza mdudu huyo awe na mabawa ya ukubwa wa njiwa, nywele zilezile zingevuja hewa kama chekecheke na asingeinuka.

Katikati ya ncha hizi mbili kuna mbegu za dandelioni, zile zinazopeperushwa na manyoya yaliyotandazwa kama mwavuli. Manyoya hayo ni kama 100, kila moja unene wa takriban mikromita 16 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zaidi ya asilimia 90 ya eneo la mwavuli ni uwazi mtupu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipiga picha ya hewa inayoizunguka mbegu ikianguka, wakakuta juu yake pete ya hewa inayozunguka, iliyotengana na mbegu, imetulia palepale bila kuyumba. Hewa inayovuja katikati ya manyoya inatosha kuishikilia pete hiyo isisogee wala kuvunjika. Kwa kila kipande cha eneo lenye manyoya, ukinzani unaopatikana ni zaidi ya mara nne ya ule wa bamba lililojaa. Napenda mfano huu kwa sababu unavunja kabisa dhana kwamba uwazi maana yake ni kupoteza nguvu. Uwazi hapa unanunua utulivu.

Utulivu huo ndio waliokuwa wanautafuta watengenezaji wa parachuti. Tarehe 22 Oktoba 1797 Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka kwa parachuti jijini Paris kutoka kwenye puto, na chombo chake kiliyumba vibaya mno. Parachuti iliyozibwa kabisa haina njia ya kutolea hewa isipokuwa kingoni, na hewa hiyo inamwagika mara upande huu, mara upande ule, kila mmwago ukilisukuma parachuti upande wa pili. Baadaye tundu la juu likawa jambo la kawaida, na miundo mingine ikaongezewa mwanya wa duara zima. Parachuti iliyoteremsha chombo cha Perseverance kwenye Mirihi mwezi Februari 2021 ilikuwa na kipenyo cha mita 21.5, na ina mwanya wa aina hiyo kati ya sahani ya juu na mkanda wa chini. Mwanya huo uliwekwa ili parachuti isiyumbe, ingawa unapunguza kidogo nguvu ya kushika hewa.

Kwenye mabamba mambo ni hayohayo. Mtafiti I. P. Castro alichapisha mwaka 1971 majaribio ya mabamba yenye vitundu vilivyoenea sawasawa. Uwazi ukiwa mdogo, nyuma ya bamba visulisuli vinabanduka kwa zamu, kulia kisha kushoto, na kulitikisa bamba kwa mpigo. Uwazi ukipita takriban asilimia 20, hewa inayovuja inavisukuma visulisuli mbali na ule mpigo wa zamu unatoweka. Kwa hiyo faida kubwa ya vitundu ni kupunguza mtikisiko, na punguzo la mzigo wa wastani linakuja nyuma. Ninyi mlikuwa na asilimia 3.5, tena kwa mabaka.

Kabla sijafika kwenye kupigapiga, nimalize la kuchanika, maana ndilo lililowaumiza. Mwaka 1898 mhandisi Kirsch alikokotoa kwamba utando unaovutwa upande mmoja ukiwa na tundu la duara, mvuto kwenye ukingo wa tundu unakuwa mara tatu ya mvuto wa sehemu nyingine. Ukivutwa sawasawa pande zote ni mara mbili. Plastiki iliyofumwa ndani yake nyuzi haifuati hesabu hiyo kwa usahihi, lakini mwelekeo ni uleule, na kisu kikiacha hata mkato mdogo ukingoni hali inakuwa mbaya zaidi. Linganisheni basi: mzigo ulipungua chini ya asilimia moja, na mvuto ukaongezeka mara mbili hadi tatu mahali 20. Turubai lilichanikia palepale ambapo hesabu ingesema litachanikia.

Sasa swali lako la pili. Fikiria kitambaa kilicholazwa sambamba na upepo, kimetulia. Kikifanya kivimbe kidogo upande mmoja, hewa inayopita juu ya kivimbe inalazimika kwenda kasi, na inapokwenda kasi shinikizo lake linashuka. Upande wa pili, kwenye bonde, hewa inapungua mwendo na shinikizo linapanda. Pande zote mbili basi zinakubaliana kukikuza kivimbe. Kinachopinga ni ukakamavu wa kitambaa na mkazo wa kamba. Kivimbe kikishakua, upepo unakisukuma kuelekea mwisho, kinasafiri kama wimbi, na uzito wa kitambaa unakifanya kipitilize kabla ya kurudi. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliliona chimbuko la jambo hili mwaka 1878.

Uzito huo haupaswi kupuuzwa. Watafiti Zhu na Peskin mwaka 2002 walionyesha kwa kompyuta kwamba uzi usio na uzito ndani ya mtiririko haupepei, hulala ukatulia. Miaka miwili kabla yao, Zhang, Childress, Libchaber na Shelley walikuwa wameweka nyuzi ndani ya utando wa sabuni unaotiririka. Uzi mfupi ulinyooka ukatulia. Uzi mrefu ulipepea. Katikati kulikuwa na urefu ambao hali zote mbili ziliwezekana kwa kasi ileile: uzi uliotulia uliendelea kutulia, lakini ukiutikisa vya kutosha ulianza kupepea na haukuacha. Hii inaeleza jambo ambalo bila shaka mmeliona, kwamba turubai linaweza kukaa kimya kwenye upepo wa wastani, dharuba moja ikaliamsha, kisha likaendelea kupiga hata baada ya dharuba kupita.

Kitambaa kilichofungwa mbele na nyuma kwa kawaida hufanya ulivyotarajia wewe: kinajaa upande mmoja kikatulia. Ukingo ulio huru ndio unaopepea. Turubai lenu lilikuwa limefungwa kwenye nguzo pande mbili, lakini pindo la juu na la chini lilikuwa huru kati ya nguzo, mita 5 nzima, na kila tundu lilikuwa na ukingo wake mdogo ulio huru. Mkazo ukilegea kidogo kwenye pindo, upepo unapata mahali pa kuanzia.

Je, vitundu vinazuia kupepea? Vinasaidia, kwa njia mbili. Hewa inayopenya inapunguza tofauti ya shinikizo inayokilisha kivimbe. Pia kitambaa kinaposogea huku na huku, hewa inalazimishwa kupita kwenye vitundu na inapoteza nguvu kwa msuguano, hivyo mwendo unafifia. Kuna jambo la ziada ambalo ni rahisi kulipuuza. Kwenye vitundu vidogo sana, ambako mnato unatawala, mtiririko ni sawia na tofauti ya shinikizo, kama Henry Darcy alivyokuta mwaka 1856 akipitisha maji kwenye mchanga. Tofauti ya shinikizo inafuata mraba wa kasi ya upepo. Kwa hiyo upepo ukiongezeka mara mbili, hewa inayopenya inaongezeka mara nne. Kitambaa kilichoonekana kimezibwa katika upepo mdogo kinafunguka chenyewe katika upepo mkubwa, na kikivutwa vitundu vinapanuka zaidi. Tundu kubwa halina tabia hiyo, linapitisha sehemu ileile ya upepo siku zote.

Daraja la Tacoma Narrows nchini Marekani lilipita njia hiihii kwa kipimo cha kutisha. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940, na pande zake zilikuwa kuta za chuma zilizozibwa, kimo mita 2.4. Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington alilipima kwa modeli, na mwanzoni mwa Novemba akapendekeza kuta hizo zitobolewe matundu ama zivalishwe umbo la kupasua upepo. Hakuna lililowahi kufanyika. Tarehe 7 Novemba, upepo ukiwa takriban kilomita 64 kwa saa, barabara ilianza kujipinda kushoto na kulia, kila msokoto ukichota nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye upepo kuliko ulizopoteza, hadi daraja likaanguka majini. Daraja lililochukua nafasi yake mwaka 1950 lilijengwa kwa fremu zilizo wazi, tena na wavu wa chuma kati ya njia za magari ili hewa ipite juu na chini.

Nikuchepushe kidogo tu kwa bundi. Ukingo wa nyuma wa bawa lake una manyoya laini yenye mianya, na hapo tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini inafifia polepole badala ya kukatika ghafla. Kwenye ukingo mgumu uliozibwa, nguvu ya sauti hufuata kipeo cha tano cha kasi. Watafiti Jaworski na Peake walionyesha mwaka 2013 kwamba ukingo wenye vitundu unaweza kuleta kipeo cha sita, na ukingo nyumbufu cha saba. Kwa mwendo ulio chini sana ya kasi ya sauti, kipeo kikubwa maana yake ni kelele ndogo.

Turudi kwenye turubai lenu. Msitoboe tena. Kama mnaweza, tumieni kitambaa cha neti chenye vitundu eneo zima. Mwanafizikia G. I. Taylor mwaka 1944 aliandika hesabu ya bamba la aina hiyo: kama hewa inayopenya inapoteza shinikizo sawa na shinikizo la mwendo wake yenyewe, kipimo cha ukinzani kinakuwa 0.64, karibu nusu ya ile 1.2 ya turubai lililozibwa. Hilo ni punguzo la kweli, na mtikisiko unapungua pia.

Kama lazima liwe turubai lililozibwa, fanyeni kazi kwenye mapindo. Kunjeni pindo la juu na la chini, pitisheni kamba au waya ndani yake kutoka nguzo hadi nguzo, kisha mkaze kweli. Sogezeni sehemu za kufungia zikaribiane ili kipande kilicho huru kati ya fundo na fundo kiwe kifupi, kwa kuwa urefu ndio unaoamua kama upepo utaushinda ukakamavu wa kitambaa. Pindo la juu lifungwe kwa kamba isiyonyumbuka. La chini lifungwe kwa mpira wenye nguvu, uwe umevutwa tayari tangu siku ya utulivu, ili dharuba ikija turubai liinuke na kulala kidogo. Kitu kinachojipinda mbele ya upepo kinabeba kidogo kuliko kinachosimama wima: Alben, Shelley na Zhang waliona mwaka 2002 kwamba uzi unaojikunja ndani ya mtiririko hupata ukinzani unaofuata kipeo cha 4/3 cha kasi badala ya mraba. Mpira uliolegea lakini ni hatari kuliko kamba, maana unarudisha kulekule kwenye pindo huru.

Na nguzo zipimwe kwa nyutoni 2,900 zile, hata mkitumia neti. Neti ikilowa mvua, maji hujaza vitundu na kuviziba kwa utando wake, na kwa dakika hizo mnakuwa na turubai lililozibwa kwenye upepo uleule ulioleta mvua.